Barafu Isiishe

Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alidai kwamba aliona kila kitu, tena bila kutaka. Jumanne, kwa maelezo yake, saa sita na robo mchana, alikuwa amekaa dirishani anapinda suruali ya mwalimu, uzi ukamkatikia. Katika kuinua macho atafute mwanga wa kutungia sindano, akamwona Shangazi, yule mama wa usafi katika nyumba ya watafiti, anaingia chumba cha juu na ndoo iliyofunikwa kitambaa. Kwenye rafu ya dirishani kulikuwa na chupa ndogo ya wino wa zambarau iliyoiva hadi kukaribia weusi. Shangazi akaangalia nyuma, akaangalia mlangoni, akaichukua chupa, akainama nayo asionekane. Fundi akatunga uzi. Alipoinua macho tena, Shangazi alikuwa amesimama pale pale, anairudisha chupa kwenye rafu, na chupa sasa ilikuwa ya rangi ya chungwa.

"Chungwa tupu, Afande," Fundi alisema. "Kama mtu amelimenya jua akalikamulia humo."

Kinyonga aliandika: chungwa tupu. Hilo la jua hakuliandika, lakini alilipenda.

Wenzake kituoni walimwita Kinyonga kwa sababu ya mwendo wake: mguu mmoja mbele, anafikiri, kisha wa pili. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye macho yasiyo na haraka, na kabla ya kuja hapa mambo haya haya yalikuwa yamemfikia mara mbili kwa midomo ya watu. Mara ya kwanza, Fundi alipomsimulia mkuu wa watafiti, Shangazi alipita tu na ndoo. Mara ya pili, kituoni, alinyata. Leo Alhamisi ameanza kuangalia nyuma. Akiachwa hadi Jumamosi atakuwa amevaa kofia na miwani myeusi.

Hata hivyo jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Wale watafiti walitengeneza karatasi laini za plastiki zilizopakwa wino unaonasa mwanga wa jua na kuugeuza umeme. Chupa ile ndiyo ilikuwa na wino bora kuliko wote waliowahi kuupata, na ilikuwa moja tu. Jana Jumatano walikuja wageni kutoka mbali kuupima. Daktari, ndivyo walivyomwita mkuu wao ingawa hakuwa wa sindano bali wa vitabu, alifungua kabati mbele yao, akatoa chupa ya wino wa chungwa, wakaupaka, na karatasi haikutoa umeme wa kuwasha hata taa ya kitoto. Daktari akasema ameibiwa, chupa imebadilishwa. Fundi akasema nani. Kabla ya saa saba mchana Shangazi alikuwa kwenye benchi la kituo, na kesho Ijumaa saa tatu asubuhi angefikishwa mbele ya hakimu, isipokuwa kama ripoti ya Kinyonga ingesema vingine.

"Na baada ya hapo?" Kinyonga aliuliza.

"Baada ya hapo nini tena? Si ndiyo imeisha?"

"Ulirudi kwenye suruali."

"Nikarudi kwenye suruali. Nikamaliza mguu, nikapiga pasi, nikala."

"Dirishani hukuangalia tena?"

"Mtu una shingo, Afande, utaacha kuigeuza? Niliangalia. Saa nane kasoro robo, maana redio ilikuwa inaanza matangazo. Lakini kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshaingia kule, chupa ikaonekana nyeusi. Kivuli tu kile."

Kinyonga aliandika: nyeusi. Akapiga mstari chini yake.

"Naomba nikae kwenye kiti chako kidogo."

"Kaa, dada. Ila mteja akija mwambie wewe ni mteja, usiseme askari. Suruali zenyewe nimezichelewesha zote."

Alikaa. Kiti kilikuwa na mto uliobonyea kwa miaka ya mtu mmoja. Mbele yake barabara ilikuwa tupu na nyeupe, na ng'ambo yake dirisha la watafiti lilikuwa wazi kama jicho la mtu anayewaza. Ndani yake rangi zilitembea, nyekundu, kijani, buluu hafifu, zikapishana kwenye dari polepole kama samaki wasiojali. Kinyonga hakujua zinatoka wapi. Aliziangalia tu. Cherehani ilinyamaza, redio ikasema saa, ikaanza matangazo. Saa nane kasoro robo.

Kivuli cha ukuta kilikuwa kimejilaza chini kabisa, karibu na mtaro. Dirisha lote lilikuwa kwenye mwanga.

"Fundi, kivuli hufika dirishani saa ngapi?"

Fundi alikuja, akakunja jicho moja, akakipima kivuli kwa kidole.

"Saa kumi," alisema mwishoni. "Saa kumi hivi. Sasa mimi niliona nini?"

"Uliona ulichokiona," Kinyonga alisema, akainuka.

*

Ngazi za nyumba ya watafiti zilikuwa za mbao, ndefu, na zilinuka spiriti na sabuni. Chumba cha juu ndicho kilichotoa zile rangi. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imefungwa kutoka ukuta hadi ukuta, na kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo, zilining'inia karatasi za plastiki zilizopakwa wino wa kila aina. Feni ikizipuliza, rangi zao ziliogelea sakafuni, juu ya viatu, juu ya mikono ya watu. Kinyonga aliingia akaona koti lake la kazi limekuwa la kijani, kisha limekuwa la mtu mwingine.

Mle ndani walikuwa wawili. Daktari alikuwa mrefu, mpole wa sauti, mwenye ufunguo mmoja uliofungwa kwenye uzi shingoni. Mwenzake alikuwa msichana wa miwani aliyeketi nyuma ya mizani ya kioo. Wote walimwita Binti wa Mizani, kwa kuwa hakuna aliyemwona mbali nayo.

Kinyonga aliweka chupa ya ushahidi mezani, ndani ya mfuko wake wa nailoni wenye lakiri. Chungwa tupu.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua," alisema. "Huu umepishana wapi na ule uliopotea?"

Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza. Alichukua kipande cha kamba, akakibana vibanio kumi, vyote upande mmoja, vikatazama njia moja.

"Molekuli ya wino wetu ni mnyororo," alisema. "Kamba hii. Kila pingili ina mkia, ndivyo vibanio hivi. Mikia ikiangalia upande mmoja, haisukumani, na kamba inanyooka. Tazama, naweza kuilaza." Akailaza mezani. Akatengeneza ya pili, akailaza ubavuni mwa ya kwanza, zikagusana. "Kamba zilizonyooka hulala pamoja, moja juu ya nyingine, kama mikeka stoo. Zikilala hivyo, mwanga ukizigusa popote, kile ulichokiamsha kinaweza kutembea kutoka kamba hadi kamba, mpaka kinatoka nje kikiwa umeme. Na humeza karibu mwanga wote, hata mwekundu. Ndiyo maana wino unaonekana wa giza. Umekula karibu kila kitu, haukubakiza cha kutuonyesha."

Alisema maneno hayo taratibu, na rangi zikampita usoni.

"Na huu wa chungwa?"

Daktari aligeuza vibanio vitatu, vikagongana vichwa na jirani zao. Kamba ikajisokota, ikainuka mgongo, ikakataa kulala.

"Chembe zile zile. Uzito ule ule, ukiupeleka kwenye mizani haitakwambia kitu. Lakini pingili zimeungana ovyo, mikia inasukumana, kamba inajikunja. Haziwezi kulala pamoja. Mwanga mwekundu unazipita tu. Huo mdogo zinaounasa hauna pa kwenda, unafia pale pale."

"Kwa hiyo mtu akitaka kuutofautisha na mzuri..."

"Rangi," Daktari alisema. "Rangi inatosha."

Nyuma ya mizani, Binti aliinua kichwa. Alifungua mdomo kama mtu anayetaka kupiga chafya, akaufunga.

"Wino huu ovyo unapatikana wapi?" Kinyonga aliuliza.

"Popote. Ni rahisi kuutengeneza. Hata sisi tunao, mabaki ya majaribio."

"Mangapi?"

"Saba," Binti alisema.

Daktari alimgeukia kwa upole. "Binti, zile slaidi za kioo kule chini hazijahesabiwa." Binti akaondoka, viatu vyake vikateremka ngazi polepole, kila kidato na sauti yake.

Kinyonga hakumfuata. Aliizunguka meza. Ilikuwa meza ya mbao, na pembeni, karibu na dirisha, ilikuwa na alama nyeupe za duara, moja juu ya nyingine, nyingi, kama mtu aliyekuwa akijifunza kuchora mwezi. Ni alama zinazoachwa na chombo cha moto. Aliigusa moja kwa kidole. Kwenye pembe palikuwa na jokofu dogo lenye mngurumo wa paka aliyelala. Alilifungua, akaona chupa kadhaa na droo moja ya chuma yenye kitasa cha ufunguo kama kile cha kabati.

"Humu?"

"Vitu vinavyoogopa mwanga."

"Jumanne chupa ilitoka dirishani ikaingia kabatini saa ngapi?"

"Saa nane mchana. Niliifunga mwenyewe. Ufunguo ni huu mmoja, silali bila huu."

"Ilikuwa rangi gani ulipoifunga?"

"Sikuangalia."

"Chupa ya kazi ya mwaka mzima."

"Mtu hufunga vifungo vya shati lake bila kuangalia, Afande."

Kinyonga aliandika na hilo. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Jumanne mlipaka karatasi?"

"Huwa tunapaka kila Jumanne. Juzi hatukupaka. Nilitaka tuutunze kwa ajili ya wageni."

"Shangazi aliambiwa?"

Daktari alionekana kushangaa kidogo, kama aliyeulizwa kama feni iliambiwa.

"Shangazi? Aambiwe ya nini?"

*

Kituoni, benchi la Shangazi lilikuwa chini ya dirisha la juu, na kipande cha jua kilichopita kwenye nondo kilikuwa kimemkalia magotini. Alikuwa amekunja kanga yake vizuri kama aliyekuja kumwona mgonjwa. Kinyonga alikaa pembeni yake, si mbele yake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule unayetembea polepole? Wamekusema hapa asubuhi yote."

"Wamesema nini?"

"Kwamba ukitumwa leo kununua dawa ya kikohozi, mgonjwa atapona mwenyewe."

Kinyonga alicheka, na jua likatikisika magotini mwa Shangazi.

"Mezani kwa Daktari kuna alama za duara."

"Bakuli langu lile. Nimeambiwa niweke kitambaa chini, nasahau."

"Bakuli la nini?"

"La kuuogeshea wino." Alisema kana kwamba kila nyumba huogesha wino. "Ule ukipoa unaganda, unakuwa mzito kama gundi, haupakiki. Binti wa Mizani alinifundisha: kila Jumanne saa sita chemsha maji, pandisha ndoo, tia maji kwenye bakuli, ogesha chupa humo mpaka wino ulegee. Ukilegea unakuwa mwepesi, wa chungwa, mzuri kweli. Ndipo wanapaka. Wakichelewa unapoa, unarudi rangi yake ya giza, naogesha tena."

Kinyonga aliacha kuandika.

"Unabadilika rangi."

"Kila Jumanne."

"Na ukipoa unarudi."

"Saa moja, moja na nusu. Ni kama watu, mwanangu. Kukiwa na joto kila mmoja anatafuta pa kulala peke yake. Baridi ikiingia wanasogeleana."

Kamba na vibanio vilipita kichwani mwa Kinyonga, vikicheza mbali mbali kwenye maji ya moto, vikirudi kulala pamoja. Alikaa navyo kidogo.

"Daktari anajua habari hii ya rangi?"

"Daktari ndiye aliyemfundisha Binti."

"Ndoo ilikuwa imefunikwa kitambaa."

"Maji ya moto, ngazi ndefu. Yasipofunikwa yanafika yamepoa."

"Na uliangalia nyuma."

"Na wewe ubebe ndoo ya maji ya moto usiangalie nani yuko nyuma yako."

"Mbona hukumwambia askari haya?"

"Aliniuliza: uliishika chupa, hukuishika? Nikasema niliishika. Akaandika, akafunga daftari." Shangazi alilisogeza jua kwa kiganja, kama anafuta meza. "Mwanangu, kuna jambo nataka kukuuliza na mimi. Mama yangu nyumbani hainuki. Anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi inachubuka. Jirani yangu anamgeuza, lakini kesho jirani anasafiri. Nikipelekwa huko kwa hakimu kesho, nitarudi siku hiyo hiyo?"

Kinyonga angeweza kusema utarudi. Aliwahi kuwaambia wengine, na wengine hawakurudi.

"Sijui bado," alisema. "Nisaidie nijue. Wino ule wa kwanza, aliutengeneza nani?"

"Yeye. Mimi nilikuwa barafu tu." Akacheka. "Siku ile walikuwa wanakwenda mkutanoni wote. Chupa kubwa ilikuwa imekaa kwenye beseni la barafu kavu, ile inayotoa moshi, na kitu kinazunguka ndani. Daktari akaniambia, Shangazi, nitazamie hiyo, barafu isiishe. Akaondoka. Basi, ikipungua naongeza. Nikapiga deki, nikaongeza. Nikafuta madirisha, nikaongeza. Tangu asubuhi mpaka jua limekuwa jekundu. Sikuambiwa iishe lini."

"Peke yako."

"Mimi na moshi. Ulikuwa unamwagika mezani, unashuka sakafuni, unatembea mpaka mlangoni. Nilikuwa nafagia ndani ya wingu."

"Daktari ulimwambia?"

"Kesho yake alikuta kile cha zambarau kimetoka, akalichukua fagio langu akacheza nalo. Sasa mtu anacheza, utamkatiza umwambie habari za barafu?"

"Na zile mara saba alizojaribu baadaye?"

"Zile anakaa mwenyewe. Anaweka barafu asubuhi, inamtosha. Simu ikilia anatoka. Hakuniambia tena nimtazamie."

Kipande cha jua kilikuwa kimeshuka magotini, kimefika kwenye vidole vya miguu yake. Kinyonga alifunga daftari, akakumbuka yule askari aliyefunga lake jana, akalifungua tena, akaandika maneno mawili ya mwisho: barafu isiishe.

*

Muuza soda wa kona alimpa barafu ya kujaza beseni, akataka kujua kama kuna harusi. Saa kumi na moja Kinyonga alikuwa juu tena, na Binti wa Mizani nyuma yake kabeba mfuko wa barafu ya akiba. Kwenye ngazi, bila kuulizwa, Binti alikuwa amesema, "Afande, nilitaka kukwambia," na Kinyonga akamjibu, "Niliona."

Daktari alikuwa amesimama chini ya karatasi zake. Jua la jioni lilikuwa limelala chini, na rangi zilikuwa ndefu sasa, zimepanda ukutani.

Kinyonga alikata lakiri mbele yao, akaandika saa, Binti akatia sahihi. Akaitoa chupa kwenye nailoni, akaizamisha kwenye barafu hadi shingoni.

"Daktari," alisema, "huu ungekuwa wino wako mzuri uliopashwa moto, ungefanya nini humu?"

Daktari aliangalia beseni. "Ungekuwa wa giza."

"Kwa muda gani?"

"Dakika kumi. Pungufu."

"Mchana uliniambia rangi inatosha. Hili la moto na baridi hukulisema."

"Hukuniuliza."

"Sikujua kama lipo. Wewe ulijua."

Wakasubiri. Hakuna aliyekaa. Feni ilizunguka, vibanio viligongana taratibu kwenye kamba, barafu ikavunjika kwa sauti ndogo kama mtu anayefikiri kwa meno. Kinyonga aliona jasho la chupa likijikusanya, likishuka. Dakika tano. Ndani wino ulikaa pale pale, wa chungwa, unang'aa, kama kijua kisichokubali kutua. Dakika kumi. Dakika kumi na tano. Binti alivua miwani, akaifuta, akaivaa, kana kwamba huenda kosa ni la kioo.

"Haulali," Kinyonga alisema. "Hizi ni zile kamba zako zilizojikunja. Hata zipate baridi kiasi gani, hazitasogeleana."

"Ndivyo nilivyosema tangu mwanzo. Imebadilishwa."

"Imebadilishwa, ndiyo. Nisikilize polepole, maana mimi nafikiri polepole. Jumanne saa sita na robo Fundi aliona chupa ya chungwa, ni kweli, ilikuwa imetoka kuogeshwa. Hakuna aliyemwambia Shangazi kwamba siku hiyo hampaki. Saa nane kasoro robo Fundi akaangalia tena, chupa ikawa nyeusi. Akadhani ni kivuli. Leo nimekaa kwenye kiti chake saa ile ile. Kivuli kilikuwa kwenye mtaro. Chupa iliyokuwa hapo dirishani ilikuwa imepoa, ikarudia giza lake. Hii ya leo haiwezi kurudia giza, umeona mwenyewe. Kwa hiyo saa nane kasoro robo wino mzuri ulikuwa bado umo humu, na Shangazi alikuwa ameshaugusa kwa mara ya mwisho. Robo saa baadaye wewe ukaufunga kabatini. Bila kuangalia."

Daktari alivuta kiti, akakaa kama aliyekumbuka kwamba ana miguu.

"Jana Fundi alipokuja kukusimulia," Kinyonga aliendelea, "ungeweza kumwambia, Fundi, hiyo ni kawaida yetu ya kila Jumanne. Sentensi moja. Mama wa watu asingelala kwenye benchi."

"Sikupanga awe yeye." Sauti yake ilikuwa ile ile, ya mtu anayemsimulia mtoto. "Sikupanga awe mtu yeyote. Nilitaka tu iwe imepotea. Wageni wangeimwaga kwenye mashine yao, wangepaka mita mbili, wangepiga makofi. Halafu wangesema, haya, tengeneza nyingine."

"Na huwezi."

"Nimejaribu mara saba. Vifaa vile vile, vipimo vile vile, Binti atakwambia, mpaka tone. Mara saba zimetoka hizo." Akaonyesha chupa kwa kidevu. "Ile siku moja zilikubali kunyooka, zote, kama zimeambiwa. Sijui siku ile ilikuwa na nini. Nimeiwaza mpaka naiota. Naota chumba hiki kimejaa wingu na mtu anapita ndani yake, simwoni uso."

Binti aligeukia dirisha. Kinyonga aliangalia zile alama za duara mezani, miezi yote ile myeupe.

"Ulimwambia barafu isiishe," alisema.

"Nini?"

"Siku ile. Ulikwenda mkutanoni ukamwambia Shangazi barafu isiishe. Ulikusudia saa ngapi?"

"Saa mbili. Tatu zikizidi. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Hukumwambia. Aliongeza mpaka jua likawa jekundu. Alipiga deki, akaongeza. Alifuta madirisha, akaongeza. Zile mara saba nyingine ulikaa wewe, na simu yako."

Daktari aliligeukia beseni la barafu. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, na rangi ya kijani ilimpita usoni, ikafuatwa na nyekundu, na macho yake yalikuwa yanahesabu: saa, baridi, pingili moja ikisubiri mwenzake ageuke vizuri kabla ya kushikana naye. Kinyonga alimwacha ahesabu. Aliona hesabu ikifika mwisho, na mwisho wake ukiwa mwanamke mwenye fagio.

"Hakusema," Daktari alinong'ona.

"Ulikuwa unacheza."

Chini barabarani cherehani ya Fundi iliamka, ikakimbia kidogo, ikanyamaza. Jokofu lilinguruma kwenye pembe yake. Kinyonga alitoa fomu ya ripoti, akaikunjua mezani juu ya zile alama, akaandika tarehe na saa, akaacha nafasi iliyobaki wazi.

"Ofisi ya hakimu inapokea ripoti mpaka saa kumi na mbili leo. Nikiwapelekea ya beseni hili peke yake, watasema barafu ya muuza soda si ushahidi, na kesho saa tatu Shangazi atasimama pale, na nyumbani kuna mama anayetakiwa kugeuzwa. Nikienda na chupa yenyewe, analala kwake leo."

Daktari aliupeleka mkono shingoni, akaushika ufunguo, akabaki ameushika.

Barafu kwenye beseni ilikuwa imepungua, chupa imeanza kuinama. Binti, bila kuambiwa, akachota kwenye mfuko, akaongeza.

"Daktari," Kinyonga alisema, akanyoosha kiganja, na kiganja kikawa cha zambarau, "naomba unifungulie ile droo."